Dhamana kabla hujakamatwa: ipo au haipo, na ufanye nini ukisikia unatafutwa kwa kosa kubwa

Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja ofisini kwetu, mfanyabiashara wa mabondo ya samaki, ameshika bahasha ya kaki vile mtu anavyoshika hati ya kiwanja. Akaniambia binti yangu, humu ndani kuna oda ya mahakama, saivi hakuna askari wa kunigusa, nataka tu wakili aipitie. Nikaifungua. Nembo ya bibi na bwana ipo, muhuri upo, sahihi ipo, na maneno yanasema amepewa dhamana ya kabla ya kukamatwa kwa miezi sita. Namba ya shauri hamna, jina la jaji hamna. Kailipia laki nane kwa kijana aliyekutana nae nje ya mahakama, kijana kavaa tai.

Hiyo karatasi haifai hata kufungia dagaa. Na sio yeye wa kwanza, ndo maana nimeamua niandike.

Mi sio wakili, niseme mapema. Ni karani wa wakili hapa Mwanza mwaka wa tisa huu, nachapa, napandisha mashauri kwenye mfumo, nakimbiza nyaraka masijala, na napokea simu za usiku za watu wanaotafutwa. Kwaiyo haya ni yale ninayoona yanamsaidia mtu na yale ninayoona yanampeleka gereza la Butimba, ila ukiwa na kesi ya kweli muone wakili mwenyewe, usije ukasema dada karani alisema.

Tuelewane kwanza hiyo dhamana ni nini

Dhamana tuliyoizoea inakuja ukishakamatwa, uko kituoni au umesomewa mashtaka, unaleta wadhamini unatoka. Hii nyingine unaiomba ukiwa bado unalala kwako: unaenda kwa jaji unamwambia nina sababu za kuamini watanikamata kwa kosa fulani, naomba uamue kabisa kwamba wakinikamata waniachie kwa masharti haya na haya. Haifuti kesi, haizuii upelelezi, wala haikufanyi usiguswe kama yule mzee alivyodhani. Polisi wanaendelea kukuita na unaenda kuhojiwa, tofauti yake ni kwamba baada ya kuhojiwa unarudi nyumbani.

Wenye nayo hasa ni Wahindi. Iko kwenye sheria yao ya mwenendo wa jinai ya 1973, kifungu cha 438, na tangu tarehe 1 Julai 2024 walipoanza kutumia sheria mpya imehamia kifungu cha 482. Walioiingiza walikuwa na hoja moja ambayo mtu wa Mwanza haihitaji kufafanuliwa, kwamba watu wenye nguvu wanawabambikia wapinzani wao kesi ili tu wakalale ndani siku kadhaa waaibike, alafu kesi yenyewe inakufa. Mwaka 1980 mahakama yao ya juu kabisa ilikaa majaji watano kwenye kesi ya Gurbaksh Singh Sibbia, aliyekuwa waziri kule Punjab na akatuhumiwa kwa rushwa, wakaweka misingi inayonukuliwa mpaka leo: hofu ya kukamatwa iwe na sababu zinazoonekana na sio uvumi, sio lazima taarifa iwe imeshafunguliwa polisi, na mahakama isitoe amri ya jumla jumla kwamba huyu asikamatwe kwa kosa lolote atakalofanya. Mwaka 2020 wakasema tena kwamba kwa kawaida dhamana hiyo haiwekewi muda wa kuisha, labda pawe na sababu ya pekee.

Jirani zetu Wakenya hawana kifungu kinachoitaja kwa jina, lakini Mahakama Kuu zao wanaitoa kwa kutumia katiba yao ya 2010, ile haki ya uhuru na ile mamlaka ya jaji kulinda haki ambayo iko hatarini kuvunjwa. Wanashikilia msimamo wa kesi ya W'Njuguna ya 2004, kwamba hii ni ya mtu anayesumbuliwa na chombo cha serikali ambacho kilipaswa kumlinda, na sio ya mtu anayeogopa tu kuhojiwa. Unapeleka maombi na hati ya kiapo na cheti cha dharura, jaji akiridhika anakupa kwa muda na mara nyingi anakuamuru ujipeleke kwa mpelelezi tarehe fulani.

Hapo ndo uongo wa mjini unapoanzia. Mtu wa Mwaloni ana ndugu Kisumu, ndugu anamwambia huku kwetu unapata, basi anadhani na hapa ipo. Tanzania bara Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ile Sura ya 20, haina dhamana ya kabla ya kukamatwa. Hakimu wa Nyamagana au Ilemela anapata uwezo wa kukupa dhamana pale unapoletwa mbele yake. Na oda ya Kisumu ni ya Kenya, ukivuka Sirari inabaki karatasi ya kumbukumbu.

Kwanini kwa makosa makubwa ndo inauma

Kwa kosa dogo wala hujali sana, umekamatwa asubuhi jioni umetoka. Shida ni kwamba kwetu jina la kosa ndo funguo ya mlango. Kile kifungu ambacho kila wakili mzee anakiita 148 (kwenye toleo jipya la sheria namba zimepangwa upya lakini mdomoni bado ni mia arobaini na nane) kinataja makosa ambayo hakimu hana ruhusa kabisa ya kukupa dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha, usafirishaji haramu wa binadamu, biashara ya dawa za kulevya, na mengine. Hapimi kama utatoroka au una mtoto mchanga au umeshika dini. Akishaona hayo maneno kwenye hati ya mashtaka anakuambia mahakama haina mamlaka, na unaanza kuhesabu wiki mbili mbili kesi ikitajwa.

Watu wamepambana nacho miaka mingi, na pambano moja kubwa lilianzia hapahapa kwetu. Mwaka 1989 Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya, kwenye shauri la Daudi Pete aliyeshtakiwa kwa unyang'anyi, alisema kuzuia dhamana kwa namna ile kunavunja katiba. Serikali ikakata rufaa, na 1991 Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba ile aya iliyomfungia dhamana ilikuwa batili. Baadae bunge likarudi na maneno mapya. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Mtobesya ikaondoa ile hati ya DPP, mkurugenzi wa mashtaka, iliyokuwa inafunga dhamana kwa sahihi tu. Mei 2020 Mahakama Kuu kwenye kesi ya Dickson Sanga ikasema ile orodha ya makosa yasiyo na dhamana nayo ni kinyume cha katiba, watu Butimba wakaanza kufungasha, Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua. Kwaiyo orodha ipo na inafanya kazi, atakaekuambia imefutwa amesoma hukumu ya Mei akaiacha ya Agosti.

Sasa chukua mfano wa nyumbani kwetu kabisa, shemeji yangu mume wa dada. Walinunua boti na mtu mwingine nusu kwa nusu, boti ya dagaa na mashine yake ya nguvu za farasi 15. Wakagombana kwenye hesabu, mwenzie akaanza kupeleka boti kambi nyingine bila kumwambia. Shemeji akachoka, usiku akaenda mwaloni na vibarua wawili, wakafungua mashine, kamba ilikuwa imekaza kibarua mmoja akaikata na panga, mlinzi akaja wakasukumana kidogo, wakaondoka na mashine. Asubuhi yule mshirika kaandikisha kituoni kwamba kaporwa mashine usiku na watu watatu wenye panga.

Umeona kilichotokea? Panga lililokata kamba limekuwa silaha. Mgogoro wa ubia umekuwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa ambalo ukipatikana na hatia kifungo hakishuki chini ya miaka 30 na dhamana hakuna. Na hapo hakuna aliedanganya moja kwa moja, kila neno lililoandikwa lina chembe ya ukweli.

Sasa mahakama itoe lini, tuseme tungekuwa nayo

Hili swali nimesikia mawakili wakibishana nalo kwenye kantini mpaka chai inapoa. Wengi wanasema itolewe kwa makosa madogo na makubwa isitolewe. Mi naona wamegeuza. Kwa kosa dogo haihitajiki, una dhamana ya polisi. Inahitajika palepale ambapo ukishaingia hutoki, ila jaji aangalie vitu kwa jicho kali, na cha kwanza ni kama jina la kosa linafanana na yaliyotokea. Kama vile kwa shemeji, risiti ina majina mawili, meseji za ugomvi zipo, mlinzi hana hata mchubuko, basi hapo kuna harufu ya mtu anayetumia mahabusu kama kidole cha kumtoboa mwenzie jicho.

Cha pili nia mbaya, na iwe ya kuonyeshwa. Wapakistani wao wameikaza sana hii, dhamana ya kabla ya kukamatwa unaipata ukionyesha kwamba kukamatwa kwenyewe kuna hila ndani yake. Kusema tu wananionea haitoshi. Onyesha kwamba mlalamikaji alikuandikia wiki iliyopita utalala ndani mpaka uniachie boti, onyesha kwamba hii ni taarifa ya tatu kwa jambo lilelile kwenye vituo tofauti.

Cha tatu, je polisi wanakuhitaji ukiwa mikononi mwao ili kupata kitu? Hapa nawatetea askari kabisa. Kama mtu kapigwa risasi Ukara na bunduki haijapatikana, jaji akimpa mtuhumiwa dhamana kabla hajakamatwa ile bunduki imeshalala chini ya ziwa na hakuna mzamiaji wa kuipata. Lakini kama mashine yenyewe shemeji mwenyewe anasema ipo kwangu njooni muichukue, kumlaza ndani kunatafuta nini?

Cha nne ni wale walioko upande wa pili. Kesi ya mtoto aliebakwa na mtuhumiwa ni baba mdogo anaekaa nyumba hiyohiyo, hapo sitaki kusikia habari ya dhamana ya mapema, mtoto atanyamazishwa kabla hajafika dawati la jinsia. Hata Wahindi wenyewe walioanzisha haya mambo, 2018 waliiondoa kwa ubakaji wa watoto wa kike chini ya miaka 16. Wakili wangu haafikiani na mimi, anasema kila kesi ipimwe yenyewe. Sawa, yeye kasomea.

La kutoroka ni rahisi zaidi, ila kwa watu wa ziwani lina ugumu wake maana mvuvi kazi yake ni kuhama, leo Ukerewe kesho Goziba, jaji asiejua maisha ya kambi ataona huyu hana makazi. Ndo maana barua ya mtaa unakolala familia yako ina uzito kuliko unavyofikiri.

Basi haipo, ufanye nini

Simu ikiingia saa nne usiku kwamba unatafutwa, jambo la kwanza ni kutopanda boti. Najua inavyovutia, Kamanga pale mbele, ukivuka upo Sengerema, au unaenda kujificha kambi ya visiwani mwezi mmoja mambo yapoe. Hayapoi. Ukikimbia unamzawadia mwendesha mashtaka sentensi ya kuandika, kwamba mtuhumiwa baada ya tukio alitoroka, na hiyo sentensi itakufuata mpaka siku ya kuomba dhamana na mpaka siku ya hukumu. Wanaweza pia kumchukua mkeo au mdogo wako ili wewe ujitokeze, jambo ambalo sheria haiwaruhusu ila mtu anaelala ndani usiku huo ni mdogo wako, sio sheria.

Alafu hakikisha. Nusu ya wanaotupigia hawatafutwi, wametishwa tu na mdai wao. Wakili anaweza kwenda au kupiga kituoni kuuliza kama kuna RB, yaani taarifa iliyoandikishwa kwenye kitabu cha kituo, kosa gani limeandikwa, nani mpelelezi. Sisitiza ajue kosa gani, neno kwa neno, kwa sababu wizi, unyang'anyi, na unyang'anyi wa kutumia silaha ni maisha matatu tofauti. Vilevile kuua bila kukusudia kuna dhamana, mauaji hakuna. Kama huna hela ya wakili kuna watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa kwa sheria ya 2017, kuna wasaidizi wa kisheria kwenye kata, na ile kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023, uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri watakuelekeza.

Usiku huohuo kaa chini uandike. Tarehe, saa, nani alikuwepo, nani kasema nini. Usipambe. Tafuta risiti, mkataba hata ule wa kuandikiana kwenye daftari la shule, meseji za miamala, picha ya namba ya mashine, leseni ya chombo. Meseji zipigie picha na uzitume kwa mtu unaemuamini maana simu yako inaweza kuchukuliwa kama kielelezo na hutaiona tena karibuni. Kwa shemeji kilichomuokoa ni meseji moja ya yule mshirika ya wiki mbili nyuma, "njoo uchukue mashine yako nimechoka na kelele zako". Shemeji alikuwa ameshaifuta, tukaikuta kwenye simu ya dada kwa sababu alimforwadia akiwa na hasira. Wanawake kufuta meseji hatujui.

Wadhamini waandae kabla, hapa ndo watu wanapoteza siku mbili bure. Tafuta wawili, watu wazima wenye makazi yanayojulikana, kila mmoja na kitambulisho cha NIDA na kopi, picha ndogo za pasipoti, barua ya utambulisho ya mtaa au kijiji chake, na kama kosa linahusu mali ya thamani kubwa basi mmoja awe na hati ya nyumba au kiwanja, kwa sababu sheria inaweza kukutaka uweke nusu ya thamani kwa fedha au mali na nusu ibaki kwenye bondi. Ndo maana usikubali mashine iliyotumika miaka sita iandikwe kwa bei ya mashine mpya, thamani iliyoandikwa leo ndo itakayokukaba kesho. Na mdhamini mwambie ukweli anachosaini, ukiruka dhamana yeye ndo analipa. Nimeona mjomba wa watu anauza ng'ombe kwa ajili ya kijana aliyeenda zake Geita machimboni.

Halafu ujipeleke mwenyewe, na wakili, asubuhi. Jumanne au jumatano. Ijumaa hapana! Anaejua mambo ya kukomoana atakukamatisha ijumaa jioni makusudi, maana mahakama inafunguliwa jumatatu. Sheria inasema ukikamatwa bila hati, kwa kosa lisilo la kunyongwa, na ikaonekana haiwezekani kukufikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo akuachie kwa bondi isipokuwa kosa likionekana ni zito, na hilo neno zito ndo limebeba wikiendi za watu wengi sana Mwanza. Ukifika mwenyewe asubuhi na vielelezo mkononi unakuwa umeshaanza kulipunguza uzito, na hamna anaeweza kuandika kwamba ulitoroka.

Kwenye chumba cha mahojiano

Una haki ya kuambiwa kosa, una haki ya kuwa na wakili au ndugu au rafiki, na mahojiano yana muda wake, saa 4 za mwanzo, na kuzidi hapo mpaka yaongezwe kihalali. Kinachonishangaza ni watu kupambana juu ya muda na kusahau maelezo yenyewe. Yale maelezo ya onyo utakayosaini ndo kesi yako. Soma, kama hujui kusoma mwambie wakili au ndugu akusomee, na kama kitu hakipo sawa kisahihishwe kabla ya sahihi. Shemeji alichoandika kwenye mistari ya kwanza kabisa ni kwamba mashine ni ya ubia, panga lilikata kamba na halikuelekezwa kwa mtu, mashine ipo kwake na ataileta. Hayo matatu yakiwa juu, mwanasheria wa ofisi ya mashtaka anaesoma jalada anaona ubia kabla hajaona panga. Yakiwa chini ukurasa wa sita ameshachoka.

Hela usitoe. Dhamana ya polisi ni bure, ukuta wa kituo wenyewe umeandikwa. Najua mtakachosema, dada unaishi Mwanza ipi? Naishi hiihii, na nimeona aliyetoa elfu hamsini jioni akaambiwa asubuhi aongeze, na aliyepiga 113 ya TAKUKURU mbele ya mtu akatolewa kwa heshima. Wote nimewaona.

Wakikataa kukutoa

Wakili aandike barua siku hiyohiyo kwa mkuu wa kituo, nakala kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa na ofisi ya mashtaka ya mkoa, aambatanishe risiti na meseji. Barua fupi. Hii watu wanaidharau lakini mi naona ndo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu anaeamua jina la kosa kwenye hati ya mashtaka ni mtu wa ofisi ya mashtaka na yeye hukutani nae, anakutana na jalada tu, na jalada bila barua yako lina upande mmoja. Tangu 2022 sheria inataka upelelezi ukamilike ndo kesi ifunguliwe isipokuwa kwa makosa makubwa, kwaiyo ile nafasi kati ya kukamatwa na kufikishwa kortini ndo uwanja wako wa kuchezea.

Siku zikipita hujapelekwa mahakamani wala hujaachiwa, Mahakama Kuu ina mamlaka ya kuamuru uletwe mbele yake na aliyekushikilia aeleze kwanini, mawakili wanaita hebiasi kopasi. Inaombwa kwa kiapo, ndugu anaweza kuapa kwa niaba yako. Mara nyingi nimeona inatosha kuipeleka tu, kabla haijasikilizwa mtu kafikishwa mahakamani au katoka. Ile njia nyingine ya kufungua shauri la haki za msingi la kikatiba ipo, lakini inakaliwa na majaji watatu na inakwenda mwendo wa meli ya mizigo, haikutoi lokapu leo.

Na ukishasomewa kosa lisilo na dhamana usibishane na hakimu, hana funguo. Muombe wakili asukume vitu viwili, upelelezi uharakishwe kila kesi inapotajwa, na ofisi ya mashtaka iombwe ibadili hati iendane na ushahidi. Kama ni uhujumu uchumi, kuna zenye dhamana, ila thamani iliyoandikwa kwenye hati ndo inaamua kama unaomba kwa hakimu au unapanda Mahakama Kuu.

Ukipata dhamana sasa, tulia. Tarehe za kuripoti ziandike ukutani. Ukitaka kutoka nje ya mkoa omba ruhusa hata kama ni msiba Bukoba. Na usimpigie mlalamikaji, hata kumsalimia, hata ukiwa umekunywa na roho imekuwa nzuri, salamu yako itasomwa mahakamani kama kitisho.

Yule mzee wa mabondo tulimpeleka kituoni jumanne na wakili. Deni tu, alikuwa anadaiwa na mtu wa kiwandani, akaandika maelezo saa mbili akarudi na wadhamini wake wawili hata chakula cha mchana kilikuwa hakijapoa. Laki nane yake haijarudi na kijana wa tai hapokei simu. Shemeji nae unyang'anyi haukuandikwa, ofisi ya mashtaka ikasema huu ni ugomvi wa ubia waende wakadaiane kwenye madai, kwaiyo yuko huru anavua kwa boti ya kukodi. Mashine yenyewe ilipokelewa kama kielelezo, na mpaka leo ipo nyuma ya kituo inakula mvua, tunafuatilia barua ya kuitoa, mwezi wa tano huu.